Begi dogo la mama anayejiandaa kupanda Kilimanjaro

Babati. Mabegi mawili yaliegemezwa kwenye kochi la nyumba moja katika kata ya Mutuka, Mji wa Babati mkoani Manyara, na kwa karibu wiki nzima hakuna mtu aliyekaa kwenye kochi hilo. Moja lilikuwa begi la shule la rangi ya bluu, mali ya kijana wa kidato cha pili aliyelitoa bila kuombwa, mfuko wa mbele ukiwa bado na kalamu iliyovuja wino. La pili likisimamishwa lilimfikia mabegani mdogo wake wa darasa la pili. Hilo alilileta baba yao kutoka kwenye mitumba, akiamini kwamba mlima mkubwa unataka begi kubwa.

"Mama watoto, mlima kama ule huendi na mkoba wa madaftari," alisema siku alipolileta.

Mwenye safari ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 41. Desemba hii yeye na walimu wenzake 11 wanatarajia kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, baada ya kuchangishana kidogokidogo kwa mwaka mzima. Wamechagua Desemba kwa sababu wanayoijua walimu wote wa historia: usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kwenye kilele hicho, na kila mwaka wapo Watanzania wanaopanda kuikumbuka siku hiyo. Jina lake aliomba lisiandikwe. Akishindwa njiani, alisema huku akicheka, hataki wanafunzi wawe wameshasoma gazetini.

Kuna jambo jingine ambalo halikumchekesha. Ana pumu tangu akiwa darasa la tatu.

Kwa wasiowahi kupanda, mpangilio wa safari hizi unaweza kuwachanganya. Hakuna anayeruhusiwa kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni, na mzigo mkubwa haubebwi na mpandaji. Nguo za kubadilisha, mfuko wa kulalia na viatu vya akiba huingia kwenye begi kubwa linalobebwa na wabebaji mizigo, ambao Moshi na Marangu wanaitwa wagumu. Ndiyo maana wengi hufikiri kwamba begi dogo, lile analobeba mpandaji mwenyewe, ni la picha na biskuti. Wanaliacha kuwa jambo la mwisho, wanalinunua au kuliazima asubuhi ya safari, na kwa kawaida linakuwa lolote lililopatikana.

Lakini mgumu haendi mwendo wa mgeni. Yeye hutangulia, kwa sababu akichelewa chakula kitachelewa. Kutoka kibanda cha Mandara, takriban mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, hadi Horombo kwenye mita 3,700, mpandaji wa kawaida hutumia saa tano hadi saba. Kutoka Horombo hadi Kibo kwenye mita 4,700 ni hivyo hivyo au zaidi, tena sehemu kubwa ni jangwa la mawe lisilo na mti wa kujikinga. Muda wote huo mpandaji ana kile tu kilicho mgongoni mwake. Jua likichoma, mvua ikinyesha, kichwa kikianza kuuma au kifua kikibana, begi kubwa liko mbele kilomita kadhaa, juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Jambo hilo familia ya Mutuka ililijua kwa njia ngumu, tena bila kufika Moshi.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba. Mwalimu aliamua kujipima kwenye Mlima Kwaraa, ule unaoonekana karibu kila kona ya mji wa Babati, ambao wengine huuita Ufiome. Una urefu wa takriban mita 2,400, na mji wenyewe uko karibu mita 1,400, kwa hiyo ni zoezi la kutosha kwa siku moja. Ni msitu wa hifadhi na wanyama wakubwa wamo, hivyo waliomba kibali na kupewa mtu wa kuwaongoza. Waliondoka Mutuka alfajiri kwa bodaboda mbili, mama na kijana wake wa kidato cha pili, na begi la shule likiwa na chapati, maji, sweta na pampu ya pumu.

Kwenye mpando wa kwanza kijana alifanya ambalo mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. "Mama, lete nikubebee." Mama akampa. Baada ya nusu saa kijana na mwongozaji walikuwa mbele, wakizungumza habari za mpira, na mama alikuwa nyuma akipanda kwa hatua fupi. Huko chini walipita kwenye vumbi na joto, sasa walikuwa ndani ya msitu wenye ubaridi. Kikohozi kikaanza, kikavu. Kisha kifua kikabana.

Aliita, lakini mwenye pumu iliyobana hana sauti. Akaokota jiwe na kugonga shina la mti. Mwongozaji ndiye aliyesikia.

Walipomfikia alikuwa amekaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti. Kijana akafungua begi na kuanza kutafuta. Pampu ilikuwa imewekwa ya kwanza, kwa hiyo ilikuwa chini kabisa, chini ya hotpoti ya chapati, ndani ya mfuko uliolowa kwa sababu chupa ya maji ilikuwa imefungwa vibaya. Ikabidi kila kitu kimwagwe kwenye majani. Mama alivuta dawa, akapumzika, akavuta tena. Baada ya robo saa hivi aliweza kuzungumza. Siku hiyo hawakufika juu.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi, ila palikuwa na ukimya. Baba hakusema lolote wakati wa kula. Baadaye, watoto walipolala, alimwambia mkewe kwamba fedha alizochanga zinaweza kurudishwa. Kijana kwa siku mbili hakutaka kuligusa begi lake, hata shuleni alikwenda na madaftari mkononi.

Mwalimu hakuahirisha safari wala hakung'ang'ania. Jumatatu alikwenda hospitali mjini Babati, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu mwenye pumu, shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu anapaswa kulifanya kabla ya kulipia safari, si baada. Daktari alimuuliza swali ambalo hakuwa amewahi kuulizwa kwa makini: kwa wiki anaivuta pampu ile ya kutuliza mara ngapi? Jibu lilikuwa mara nne au tano. Kwa daktari hiyo ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa, hata kama mgonjwa mwenyewe ameizoea. Akamwandikia dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ya kuzuia, akamtaka arudi baada ya wiki nne ndipo waamue. Aliporudi, matumizi ya pampu ya kutuliza yalikuwa yameshuka hadi mara moja katika wiki mbili. Akaruhusiwa, kwa masharti. Dawa ya kuzuia asiiache hata siku moja. Abebe pampu mbili za kutuliza, ya pili akae nayo mwongozaji. Na ya kwake isiwe ndani ya begi la mtu mwingine kwa sababu yoyote, hata mtoto wake.

Hewa ya juu ya mlima ni baridi na kavu, na vyote viwili vinaweza kuamsha pumu. Pia pampu ikipoa sana haitoi dozi yake vizuri, kwa hiyo usiku wa baridi inakaa ndani ya nguo, karibu na mwili. Sharti hilo la mwisho, kwamba mzigo wa lazima abebe mwenyewe, ndilo lililorudisha suala la begi sebuleni, safari hii kwa uzito wake.

Begi la shule likajitoa lenyewe. Lilikuwa na mikanda miwili myembamba ya mabegani na basi. Halina mkanda wa kiunoni, kwa hiyo uzito wote unaning'inia kwenye mabega na shingo. Mtu anayepumua kwa shida hahitaji mikanda inayovuta mabega nyuma na kukaza kifua tangu asubuhi hadi jioni. Kitambaa chake kilinyonya maji kama taulo, na hilo walilihakikisha kwa kulimwagia kopo moja bombani.

Begi la baba lilikuwa na mikanda yote, tena mizuri. Tatizo lake lilikuwa jingine. Likiwa tupu lilikaribia kilo tatu kwenye mizani ya dukani, na likivaliwa, mkanda wa kiunoni ulifika kwenye mapaja, kwa sababu lilishonwa kwa ajili ya mwanamume mrefu. Halafu kuna tabia ya begi kubwa ambayo kila mama anayesafiri na watoto anaijua: nafasi ikiwepo, itajazwa. Mpandaji anayebeba lita 60 ataweka vitu vya lita 60.

Aliyeleta maelezo yaliyoeleweka na kila mtu ni bibi, mama mzazi wa baba, Mgorowa aliyezaliwa na kuzeekea Babati na ambaye hajawahi kuvaa begi la mgongoni maishani mwake. Alimtazama mkwewe akizunguka uani na begi lililoning'inia, kisha akasema: "Mwanangu, mtoto ulimbebaje? Ulimwacha aning'inie hivyo?"

Kila mwanamke aliyewahi kubeba mtoto kwa kanga anajua jibu. Mtoto anapandishwa juu, anabanwa mgongoni, kanga inakazwa, na uzito wake unakaa kiunoni. Akilegea na kuning'inia anaonekana mzito maradufu, na mgongo unauma kabla hujafika kisimani. Wataalamu wa mabegi ya kupandia mlima wanasema yaleyale kwa maneno marefu zaidi: vitu vizito vikae karibu na uti wa mgongo, katikati, si chini kabisa wala mbali na mwili, na sehemu kubwa ya uzito ipokelewe na nyonga kupitia mkanda wa kiunoni. Mabega ni ya kuliweka begi mahali pake tu.

Kwa hiyo urefu wa mgongo ndio unaopimwa kwanza, si urefu wa mtu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo mpaka upate fupa lililotokeza. Kisha weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma juu ya mifupa ya nyonga. Umbali kutoka fupa la shingo hadi usawa wa vidole hivyo ndio mgongo wako. Kwa futi ya fundi cherehani, wa mwalimu ulikuwa sentimita 43. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana, na wanawake wengi wana mgongo mfupi kuliko mabegi mengi yanavyotarajia.

Alikwenda kwenye mitumba mjini Babati akiwa na futi hiyo na mfuko wa mchele wa kilo tano. Muuzaji alidhani mchele umenunuliwa sokoni. Alipoona unaingizwa kwenye kila begi na mama anatembea nalo hadi kwenye meza ya viatu na kurudi, akawaita wenzake waje kuona. Lakini begi tupu linadanganya. Karibu kila begi lisilo na kitu ni zuri mgongoni, na makosa yake huanza kuonekana likiwa na uzito: mkanda unaoteleza na kujilegeza, mshono unaokwaruza bega, mgongo wa begi unaojikunja na kutokeza kama goti.

Suala la ukubwa nalo lina ujanja wake. Mabegi mengi ya kupandia mlima yana namba iliyoandikwa baada ya jina, 22, 28, 35 na kadhalika, na mara nyingi hiyo ndiyo idadi ya lita. Kwa safari ambayo wagumu wanabeba mzigo mkubwa, lita 25 hadi 35 zinatosha. Chini ya 20, koti na nguo za baridi za usiku wa kilele haziingii. Pasipo namba, wakazi wa Mutuka wana kipimo kizuri kuliko lebo: debe ni lita 20, na sado ni lita nne. Begi linalomeza debe moja la mahindi na sado mbili juu yake lina lita 28.

Ndilo alilolipata. La kijivu, lita 28, mkanda wa kiunoni mpana wenye mfuko mdogo wa zipu upande wa kulia, mkanda wa kifuani unaopanda na kushuka, na mifuko miwili ya pembeni ya chupa ambayo mkono unaifikia bila begi kuvuliwa. Mkanda wa kifuani aliupima kwa kuvuta pumzi ndefu mara kumi, maana ukikaa chini mno unabana mahali pabaya kwa mwanamke, na kwa mwenye pumu unabana mahali pabaya zaidi. Bei ilianza Sh45,000 ikaishia Sh28,000. Zipu kuu ilikuwa nzima, na hilo si dogo. Kamba ikikatika hufungwa fundo, zipu ikikatika juu kule hakuna fundi. Mabegi mawili mazuri kuliko hilo aliyaacha kwa sababu hiyo tu.

Mfuniko wa mvua halikuwa nao. Desemba mvua za vuli hazijaisha Kilimanjaro, na ukungu wa msituni chini ya Mandara unaweza kulowesha bila hata mvua kunyesha. Mfuko wa kawaida wa plastiki hauwezi kuwa jibu, kwani umepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Jibu lilitoka stoo, mahali palipowekwa mbaazi za msimu. Ile mifuko ya kinga njaa ambayo wakulima wanahifadhia nafaka bila dawa ina nailoni mbili nzito ndani yake. Mmoja ulikuwa umetobolewa sehemu ya juu na panya. Wakakata nailoni iliyo nzima, wakaiingiza ndani ya begi kama bitana, vitu vyote vikakaa ndani yake na mdomo ukasokotwa. Kinga ya ndani namna hii ni bora kuliko mfuniko wa nje, ambao upepo huupeperusha na ambao hauzuii maji yanayopita mgongoni.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kununua. Mara ya kwanza begi lilipofungwa na kupelekwa kwenye mizani ya mnunuzi wa nafaka, lilisoma kilo kumi na ushee. Chupa ya chai ilikuwemo. Kilikuwemo kitabu, betri mbili za akiba za kuchajia simu, sabuni ya kipande kizima, mafuta ya kopo kubwa, na karanga kilo moja kutoka kwa shangazi ambaye asingeelewa zikiachwa. Zikapunguzwa. Hapa kuna jambo la kusemwa: kila kilichotolewa kwenye begi dogo kilitaka kuhamia kwenye begi kubwa, na begi kubwa nalo lina mwenyewe. Hifadhi imeweka kilo 20 kuwa mwisho wa mzigo wa mgumu mmoja, na mizani ipo getini. Mzigo huo unapandishwa kwa shingo na mabega ya mtu anayepumua hewa ileile nyembamba, ambaye huenda ana watoto wa umri uleule wa wako. Chupa ya chai ikabaki Mutuka.

Kilichobaki kilikuwa kilo saba na robo, na karibu nusu yake ni maji. Lita tatu kwa siku ndicho kiasi ambacho waongozaji wengi wanashauri, katika chupa ngumu zinazotumika tena, kwa sababu chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kuingia hifadhini. Juu ya hapo kuna koti na suruali ya mvua, sweta nzito, kofia ya jua na ya baridi, glavu, tochi ya kichwani na betri zake, losheni ya kuzuia jua, miwani, karanga kidogo na tende, karatasi za chooni na kitakasa mikono. Pedi pia, hata kama tarehe zinaonyesha bado, kwa kuwa uchovu na safari vinaweza kuvuruga mzunguko na juu kule hakuna duka. Dawa zote za lazima zilikaa kwenye mfuko wake mmoja, sehemu ya juu kabisa. Pampu haikuwekwa na dawa nyingine. Ilikaa kwenye mfuko mdogo wa mkanda wa kiunoni, upande wa kulia, na haitahama hapo hadi usiku wa kilele itakapoingia ndani ya nguo.

Usiku huo una sheria zake. Wapandaji huamshwa Kibo karibu saa sita usiku ili wafike ukingo wa juu kukipambazuka, na wagumu wengi hubaki nyuma. Joto linashuka chini ya sifuri. Chupa hufungwa ndani ya soksi nene na kuwekwa kichwa chini miguu juu, kwa kuwa barafu huanzia juu ya maji na mdomo wa chupa usipoelekea chini utaziba. Mifuko ya maji yenye mrija, ambayo siku za chini inapendwa sana, ndiyo huganda kwanza kwenye mrija. Kufikia wakati huo begi linatakiwa kuwa jepesi kuliko siku zote, kwa sababu nguo nyingi zilizokuwa ndani yake sasa zimevaliwa.

Pamoja na hayo, hakuna begi linalozuia ugonjwa wa mwinuko. Kwenye kilele cha mita 5,895 kila pumzi inaleta takriban nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Kuishi Babati, juu kidogo ya mtu wa Dar es Salaam, si kinga. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo na zinamtaka mtu asimame, asiendelee kupanda. Akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hata akiwa amekaa, au kukohoa povu, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vidonge vya maumivu visitumike kuficha kichwa kinachouma ili mtu apate picha ya kileleni. Ipo dawa ya acetazolamide, maarufu kwa jina la Diamox, inayosaidia mwili kuzoea, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, na aliyewahi kudhuriwa na dawa za salfa kama Septrin lazima aseme mapema. Kundi la walimu limechagua safari ya siku sita badala ya tano ili walale Horombo usiku mbili. Siku hiyo ya ziada ndiyo iliyowagharimu zaidi, na ndiyo fedha waliyoitumia vizuri kuliko zote.

Baba alikubali jambo la mwisho kwa shingo upande, kwamba mkewe akimwambia mwongozaji anashuka, hakuna mtu nyumbani atakayeuliza kwa nini. Mkewe naye alikubali kwamba akibana kifua mara mbili kwa siku moja, anashuka bila kuhesabu kilomita zilizobaki. Waliyazungumza hayo mbele ya watoto.

Tangu Novemba anatembea na begi likiwa limejaa, Jumamosi na Jumapili, kutoka Mutuka hadi mjini na kurudi. Wiki ya kwanza mkanda ulimchubua nyonga ya kushoto, akaurekebisha. Wiki ya tatu aliacha kulikumbuka begi njiani. Mara moja alirudi Kwaraa, na mwongozaji yuleyule. Kijana alikwenda pia, akitembea nyuma ya mama yake kutwa nzima na kukataa kutangulia hata alipoambiwa. Walifika juu saa saba mchana.

Sasa kuna mchezo unaochezwa usiku katika nyumba hiyo, na aliyeubuni ni kijana. Mama anavaa begi, taa zote zinazimwa, naye anataja kitu kimoja huku akihesabu kwa sauti. Tochi. Glavu. Maji. Pampu. Usiku wa kwanza pampu ilipatikana kabla hajafika tatu, lakini tochi ilichukua hadi ishirini na saba, na mdogo wao alicheka mpaka akajikojolea. Usiku wa pili kijana alitaka mama acheze akiwa amevaa glavu nene, ndipo wakagundua kwamba vishikio vya zipu ni vidogo mno, vidole havivipati. Akaenda kuchukua kamba za viatu vyake vya zamani vya shule, akazikata vipandevipande na kufunga kipande kimoja kwenye kila zipu. Kwenye ile ya mkanda wa kiunoni alifunga viwili. Kisha akazima taa, wakaanza upya.